Tumbo Dogo, Sinia Kubwa

Kwetu Wete, Pemba, chakula ni cha sinia. Mkeka hutandikwa, sinia likawekwa kati, kawa likafunuliwa, watu wakanawa, wakapiga bismillahi, mikono ikaingia. Anayekula polepole huhimizwa. Anayeinuka mapema huulizwa nani kamuudhi. Nimekulia hapo na nimelea watoto wanne hapo, na nilipokuwa najiandaa kwenda kukatwa tumbo nilifikiria kisu, nikafikiria nusukaputi, fedha na safari. Sinia sikulifikiria hata siku moja. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na ndilo lililonifanya niandike.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula Julai 2023, katika hospitali moja Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 41, kilo 118, urefu sentimita 158. Sukari ilikuwa mwaka wa sita, presha mwaka wa nne, na magoti yaliuma mpaka nikawa nasali juu ya kiti, mimi ambaye mama yangu mzazi bado anasujudu chini. Kazi yangu ni kushona. Wateja wananiuliza habari ya upasuaji huu, wengine kwa kunong'ona huku nimewazungushia futi kiunoni, na muda wa kupima gauni hautoshi kuyajibu maswali yote.

Watu husema aliyekatwa tumbo kachoka kujinyima. Mimi nilijinyima miaka kumi. Niliacha wali, nikatembea kila alfajiri mpaka Bopwe na kurudi, nikanywa dawa za kunifanya niharishe ambazo mpaka leo nazijutia. Kila kilo niliyoitoa ilirudi na mwenzake. Daktari wangu wa sukari ndiye aliyenieleza kwamba mwili ukishazoea uzito mkubwa huupigania: ukipunguza chakula, njaa huzidi na mwili hubana matumizi yake. Akaniambia, "Mama, wewe si mvivu." Nililia mbele yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Akachukua kilo zangu, akazigawa kwa urefu wangu kwa mita, kisha akagawa tena kwa urefu uleule. Ikatoka 47. Kuanzia 35 wataalamu huanza kuzungumza habari ya upasuaji, na kwa mwenye sukari hata chini ya hapo. Fedha zilikuwa za karafuu za misimu miwili za shamba alilotuachia marehemu baba, na mdogo wangu aliyeko Muscat akamalizia.

Kilichokuwa kikinisumbua moyoni ni kama nafanya halali. Nilimwendea ustadhi anayesomesha watoto wangu, nikamweleza nimeinamisha kichwa. Akaniuliza ni maradhi au ni pambo. Nikamwonyesha daftari langu la kliniki. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia, akasema nenda kajitibu.

Upasuaji wangu ni ule wa kuukata mfuko kwa urefu. Huingia kwa matundu madogo matano, hutoa robo tatu ya mfuko au zaidi, na kinachobaki kina umbo la ndizi. Kipande kinachotolewa ndicho kinachotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo njaa huitafuti wala haikutafuti. Hakirudishwi. Ipo aina nyingine ambapo kifuko kidogo huunganishwa na sehemu ya chini zaidi ya utumbo mwembamba, na lipo puto linaloingizwa kwa mdomo bila kukatwa, likatolewa baada ya miezi. Kila moja ina mtu wake, na anayeweza kusema ni ipi ni daktari aliyekupima, si mimi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe niliwekwa kwenye chakula maalumu: mtindi, supu nyepesi, samaki wa kuchemsha, mboga. Wali, mkate, sukari na tui niliviacha. Sababu yake ni ini. Kwa mtu mnene ini mara nyingi hujaa mafuta na kuvimba, nalo limelala juu ya mfuko wa chakula. Daktari lazima alinyanyue ili apate kuona anachokikata. Ukila ovyo wiki hizo unampa kazi ya hatari, na anaweza kukufunga bila kufanya alichokusudia.

Hapo nilifanya kosa ambalo lingenimaliza. Siku ya nne nilikuwa napinda mkono wa kanzu, uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano. Nikaona sindano mbili. Jasho baridi likanitoka mgongoni, mikono ikatetemeka, na kanzu nyeupe ya watu ikaanguka chini. Binti yangu alinikuta nimeegemea cherehani, akanipa chai yenye vijiko vinne vya sukari. Nilikuwa nimepunguza chakula, lakini vidonge vya sukari nikaendelea kumeza vilevile kama zamani. Nilipopiga simu, daktari alinigombeza kwa haki kabisa, akapunguza dozi siku ileile. Mwenye sukari au presha, dawa zako zipangwe upya kabla hujapunguza tonge la kwanza, na zipangwe tena ukishapasuliwa, kwa maana sukari inaweza kushuka siku za mwanzo tu, kabla hata uzito haujapungua vya kutosha.

Nilijizoeza pia kutafuna. Na nilijizoeza kutokunywa maji wakati wa kula, nusu saa kabla na nusu saa baada. Hili la pili lilinichukua mwezi mzima.

Ila watu sikuwaandaa. Nilimwambia mume wangu na mdogo wangu, basi. Mama nilimwambia nakwenda kutibiwa tumbo. Niliogopa maneno, niliogopa machozi yake, nikajiambia nitamweleza nikirudi mzima.

Nilivuka kwa boti kutoka Mkoani, nayo Julai ni kusi, upepo wa kusini. Bahari ya kati ya Pemba na Unguja wakati wa kusi anaijua aliyewahi kuipita. Nilitapika mpaka Unguja. Daktari aliposikia alisema kurudi kwa boti sahau. Na nyumbani nisirudi kabla ya wiki tatu. Wiki hizo ndizo ambazo mshono wa ndani unaweza kuvuja, na dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayopanda mpaka begani. Ukiyapata hayo ukiwa Wete, bahari iko kati yako na aliyekupasua. Nikakaa kwa shangazi Ilala wiki tatu, nikarudi kwa ndege ndogo mpaka Chake Chake. Anayekwenda kutoka visiwani aziweke fedha za siku hizo kwenye hesabu tangu mwanzo, maana wengi huhesabu hospitali na nauli tu.

Usiku uleule wa upasuaji muuguzi alininyanyua nitembee. Nilimchukia. Sasa namuombea dua, maana damu ya mtu mnene aliyelala inaweza kuganda miguuni, na likipanda bonge moja mpaka kwenye mapafu linaweza kuua.

Shangazi alikuwa na vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Kimoja kikawa kipimo changu. Nusu kikombe cha maji kila robo saa, tangu alfajiri mpaka usiku, ili nifike lita moja na nusu. Utadhani ni rahisi. Nilikuwa nikikitazama kile kikombe kama mtu anayetazama kazi ya shamba. Ukimeza kwa pupa, kifua kinabana. Ukisahau, kichwa kinazunguka na mkojo unakuwa wa rangi ya chai. Shangazi alinichorea mstari wa saa kwa kalamu ukutani, kila nikimaliza kikombe natia alama. Naamini wanaorudishwa hospitali kwa kukauka maji wengi wao hawana shangazi kama huyu.

Wiki mbili za mwanzo ni vya majimaji: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Wiki mbili zinazofuata ni vilivyosagwa. Halafu vilaini. Kula kama watu ni baada ya wiki ya sita au ya nane, na kula kama watu kwenyewe ni vijiko vitano.

Nilirudi Wete wiki ya nne inaanza, na siku ya tatu mama akaja na bakuli la bokoboko. Alikuwa ameamka alfajiri kuipika, ngano na nyama ya kuku wa kienyeji, imepondwa, samli inang'aa juu. Kwa mama yangu mgonjwa hatibiwi kwa kitu kingine.

"Kula, mwanangu. Umekonda uso."

"Mama, tumbo bado halijapoa."

"Tumbo linapozwa na chakula. Au siku hizi hutaki mkono wangu?"

Nikala. Nilikula kwa haya, nikala haraka ili aridhike, vijiko sita. Cha saba hakikuteremka. Maumivu yalikaa hapa chini ya kifua kama nimemeza jiwe, mate yakanijaa mdomoni kama povu la sabuni, nikakimbilia uani. Nilitapika nimeshika ukuta. Mama alinifuata huku akisoma, akanishika mgongo, na aliponyanyua dera langu kunipoza aliyaona makovu matano.

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi kilichokuwa hapo uani, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ulikatwa, na mimi niko hapa nachambua karafuu, sijui?"

Hilo swali liliniuma kuliko mshono. Nilimweleza yote siku hiyo, mwanzo mpaka mwisho, na vikombe vya kahawa, na ini, na ustadhi. Hakusema kitu, akachukua bakuli lake akenda zake. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni na samaki wawili, changu, kwenye ungo. "Haya, sasa unakula nini? Nionyeshe, usinifiche tena." Tulimchemsha mmoja kwa chumvi na ndimu, akamtoa miba kwa vidole vyake, akamponda kwa upawa, akamzimua kwa supu yake. Vijiko vitatu. Nikashiba. Mama akaangalia kijiko, akaniangalia mimi, akasema alhamdulillahi, lakini nilimwona hakuamini.

Ndiyo maana mteja akiniuliza kuhusu upasuaji, siku hizi swali langu la kwanza ni nani anayekupikia. Mchukue huyo uende naye kliniki. Asikie kwa masikio yake kwamba chakula kinaanza na samaki au yai au maharage, kiasi cha gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku, kisha mboga, na wali mwisho kama pamebaki nafasi. Vipande vinne vya samaki vyenye uzito wa gramu mia mia vinatosha siku nzima, lakini tumbo jipya halivipokei mara moja. Ndipo unapokula mara tano. Asiyejua haya atakupikia kwa mapenzi, na mapenzi yake yatakutapisha.

Pweza nilimjaribu mwezi wa tatu, kwa kuwa protini anayo. Alinikwama. Nimerudi kwake baada ya mwaka, akiwa amechemshwa mpaka anakatika kwa kijiko.

Shughuli za harusi zilinipa tabu yake. Kwenye sinia la pilau mnakuwa wanne au watano, na ukichezea tonge kila mtu anakuona. Nimejifunza kula nyumbani kwanza, na kukaa karibu na wifi yangu, ambaye anajua. Yeye husukuma nyama laini upande wangu na kuwajibia wanaouliza. Mtu mmoja anayejua kwenye kila sinia anatosha. Huhitaji kuutangazia mji.

Mji ulizungumza vilevile. Kwetu unene wa mwanamke una maana yake: mume anamtunza. Na kukonda kuna majina yake, tena mabaya. Mwezi wa nne nilikuwa nimeshatoka kilo 26, na hapohapo nywele zikaanza kutoka. Zilikuwa zikija na kitana kwa mafundo, nikawa nazikusanya kwenye mfuko wa plastiki ili watoto wasizione. Jirani akasema ni jicho. Mwingine alimuuliza mume wangu, pale barazani mbele ya watu, kama nimeshapima. Alirudi ndani hana rangi. Nilimwambia wakiuliza tena awaambie kweli, nimepasuliwa kwa ajili ya sukari. Na tangu alipowaambia, maneno yalipungua.

Nywele hutoka kwa sababu mwili uliopata mshtuko wa kupasuliwa na kupungua haraka huzipumzisha. Kwa wengi huanza mwezi wa tatu hivi na hurudi zenyewe, mradi protini na madini ya chuma yapo. Zangu zilianza kuota mwezi wa tisa, ndogondogo kwenye paji la uso. Dawa za virutubisho ni za maisha: vitamini za kila siku, chuma, kalisi, vitamini D, na B12 ambayo mimi nachomwa sindano kila miezi mitatu. Chuma na kalisi haviliwi pamoja, na chuma hakimezwi kwa chai, maana chai hukizuia. Wete mara nyingine hukosekana dukani, kwa hiyo naagiza Unguja na sikubali akiba ipungue miezi miwili. Mwanamke mwenzangu aliyejisahau mwaka mzima alianza kufa ganzi miguu. Huo si mchezo. Na wale wa umri wa kuzaa, madaktari hutaka mimba isubiri mwaka mmoja na nusu hivi, kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla ya kisu. Dawa za maumivu kama diklofenaki nimekatazwa kujinunulia. Naishi na Panadol.

Ngozi haikurudi nilivyotaraji. Mkononi inaning'inia, tumboni imejikunja, na wakati wa joto kali la Februari chini ya mikunjo hupata vipele nisipokauka vizuri. Napanga kanga nyepesi ndani ya dera, na mikono ya gauni zangu naishona mipana mpaka kiwiko. Nimezipunguza nguo zangu mara tano, na ya tano nilipofumua mshono wa ubavuni nilikuta kitambaa kilichokunjwa ndani bado na rangi yake ya dukani, kijani kibichi, nje kote kumepauka. Nilikitazama sana. Sikujua nifurahi au nilie kwa ajili ya yule aliyelivaa gauni lile, maana naye alihangaika.

Ramadhani ya Machi 2024 ilinikuta mwezi wa nane. Daktari alinikataza kufunga: maji hayatanitosha. Nilikuwa sijawahi kuacha saumu kwa ugonjwa tangu nibaleghe. Kupika futari ya watu na kunywa maji jikoni kwa kificho, kikombe kidogokidogo, kulinitia unyonge mkubwa. Ustadhi aliniambia mgonjwa anayetarajia kupona hukidhi siku zake, na nilizikidhi zote baadaye, moja moja, siku za baridi.

Kilo zilifika 81, mwezi wa kumi na tano. Halafu zikapanda mpaka 85, na najua zilipitia wapi. Njaa ilirudi baada ya mwaka, si kama ya zamani lakini ipo. Na tumbo hili linalokataa tonge la wali mkavu halikatai halua, wala kaimati zilizolowana shira, wala juisi ya bungo. Hivyo vinateleza, havijazi, unaweza kuvila kutwa. Nilikuwa naweka gilasi ya bungo pembeni ya cherehani kama maji. Nimeiondoa. Kilo mbili zimetoka, mbili zipo. Vidonge vya sukari nimeachishwa na napimwa kila miezi mitatu. Cha presha nimebakiwa na kimoja. Nasali chini.

Ramadhani ya 2025 daktari aliniruhusu, kwa masharti: nikizungukwa na kichwa nifungue. Kutoka magharibi mpaka daku nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, hata kwenye tarawehe nilikiweka kwenye mkoba. Siku ya kwanza tulifuturu kwa mama, familia nzima. Tende moja, maji, nikasali, nikasubiri nusu saa yangu huku wenzangu wameshaanza. Muhogo wa nazi, ndizi, tambi, sambusa, na sinia limejaa mpaka ukingoni. Nilipokaa, mama alinyanyua kawa dogo lililokuwa ubavuni mwake. Chini yake palikuwa na kisahani cha chai, na changu ndani.

"Huyu nimeshamtoa miba," akasema, akakisogeza mbele yangu, akarudisha mkono wake kwenye sinia.